Safari ya bei poa: Nani anayelipa kilichopungua?

MWAKA jana, wiki tatu hivi kabla ya Mwaka Kogwa, vijana watatu walibaki msikitini baada ya darsa ya Magharibi wakiwa na daftari. Ni vijana ninaowafahamu, wanahudhuria darsa, wanaswali, na kila mmoja anahangaika na riziki yake hapa mjini. Mkubwa wao akasema: "Ustadh, tuna swali la fiqhi." Swali lenyewe lilikuwa kwamba wao na wenzao wanataka kwenda Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwisho wa wiki, wakaone Mwaka Kogwa kisha warudi Dar es Salaam Jumapili jioni. Je, inafaa?

Nikakohoa kidogo, nikajiandaa kujibu kama walimu wengi tunavyojibu. Tayari nilikuwa na Nairuz kichwani, nilikuwa na mchanganyiko wa wanawake na wanaume, nilikuwa na hadithi mbili tatu kwenye ncha ya ulimi. Lakini kabla sijasema neno, kijana akafungua daftari ili nione jinsi walivyojipanga. Ukurasa ulikuwa na majina saba, na jina la saba lilikuwa limekatwa kwa mstari. Chini yake ilikuwepo hesabu: boti, gari la shamba, chakula kidogo, dharura. Kwenye mstari wa malazi waliandika sifuri. Jumla kwa kila mtu, shilingi 85,000. Kijana akasema kwa fahari: "Tumebana mpaka basi, Ustadh."

Nikajikuta nauliza maswali ambayo hayakuwa katika fiqhi niliyoiandaa. Huyu aliyekatwa ni nani? Na hii sifuri ya malazi ni ya nani?

Aliyekatwa ni mwenzao anayefungasha mizigo katika duka moja Kariakoo na kulipwa kwa siku. Siku ya mwisho ya mchango ilipita hajatimiza, basi wakamtoa, na wakafungua kundi jingine la simu lisilo na yeye ili mipango iendelee bila kumuudhi. Na sifuri ile ni ya mama mdogo wa mmoja wao anayeishi Makunduchi. Watafikia kwake watu sita, siku mbili. Nikauliza: "Mmemwambia?" Wakatazamana. "Tutampigia tukifika Mjini."

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria daftari lile. Tumezoea kuuliza kama starehe fulani ni halali au haramu, na ni swali la msingi ambalo Muislamu hawezi kulikwepa. Lakini liko swali la pili ambalo hatuliulizi: starehe hiyo ikiwa rahisi, urahisi wake umetoka wapi? Kitu chenye gharama hakiwi bure kwa sababu mimi sikulipa. Kama gharama ipo na mimi sijailipa, basi yupo mwingine aliyeilipa.

Kwanza swali la fiqhi

Nisije nikaonekana nimelikimbia swali la vijana. Dini yetu haikuja kumfanya mtu awe jiwe. Handhala (r.a.) alipoogopa kuwa amekuwa mnafiki kwa sababu moyo wake haubaki katika hali moja akiwa kwa Mtume (s.a.w.) na akiwa na familia yake, Mtume alimtuliza kwa kumfahamisha kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hiyo ipo katika Sahih Muslim. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama akiwa nyuma ya Mtume (s.a.w.). Na Qur'an inatuhimiza mara nyingi kutembea katika ardhi na kuzingatia, na inatufundisha katika Suratul-Hujurat, aya ya 13, kuwa tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kijana wa Tandale au Temeke anayetaka kuona watu wa Makunduchi wanaishije hajafanya kosa.

Upande wa pili nao ni lazima usemwe. Mwaka Kogwa una asili ya Nairuz, mwaka mpya wa Kiajemi uliofika pwani yetu karne nyingi zilizopita pamoja na hesabu yake ya mwaka wa jua. Wanaume hupigana kwa magongo ya mgomba, kibanda cha makuti huchomwa moto, kinamama huimba wakiwa wamependeza, kisha watu hula na kutembeleana. Imepokewa na Abu Daud kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa siku mbili bora kuliko hizo, nazo ni Idi zetu mbili. Hadithi hii ina uzito wake. Anayeamini kwamba moto wa kibanda unaondoa mikosi ya mwaka amegusa itikadi yake, na hilo halina mjadala. Kwa hiyo niliwaambia vijana: hamwendi kushiriki ibada ya mwaka, na atakayekwenda kwa itikadi hiyo nimemkataza. Anayekwenda kuwatembelea Waislamu wenzake, akaona mila zao kwa macho yake, akaswali nao, akala nao, mimi sioni hoja ya kumzuia, ingawa najua wako masheikh wanaoona vingine, na wana dalili zao.

Basi swali la kwanza likaisha. Lakini tungeishia hapo, vijana wangeondoka na fatwa mfukoni na daftari lao vile vile.

Kubana matumizi na kubana watu

Kubana matumizi ni sifa njema. Katika Suratul-Furqan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu anawasifu waja wake ambao wanapotoa hawafanyi israfu wala hawafanyi uchoyo, bali wanakuwa katikati ya hayo. Kijana anayekula muhogo wa kuchemsha mwezi mzima ili apate nauli ya boti amebana matumizi yake mwenyewe. Analala chini badala ya kitandani, anatembea badala ya kupanda bodaboda, anakaa usiku mmoja badala ya mitatu. Yote hayo ameyalipa yeye kwa mwili wake na kwa matamanio yake.

Yupo mwingine ambaye hesabu yake inapungua pia, lakini hakupunguza kitu. Amehamisha tu. Chakula ni kile kile, ila kinapikwa kwa mchele wa mwenyeji. Kitanda kipo, ila mwenye kitanda amekwenda kulala kwa jirani. Huyu hajabana matumizi, amebana watu. Na ubaya wake ni kwamba kwenye daftari wote wawili wanaonekana sawa, kwa sababu daftari linaandika kilichotoka mfukoni mwangu peke yake.

Nayasema haya nikiwa mkosaji. Mwezi wa Julai mwaka 2011 nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Tulikwenda Makunduchi wanne, tukafikia kwa bibi wa mwenzetu, tukakaa usiku tatu. Bibi alitupa chumba chake, yeye akawa analala kwa jirani. Kila siku tulikula wali wa nazi na samaki, na asubuhi chai ya maziwa. Siku ya kuondoka tulichanga shilingi 10,000 tukampa. Akazirudisha mkononi mwetu, akasema: "Wajukuu zangu, nyie mnasoma, tumieni nauli." Nakumbuka jinsi tulivyozipokea upesi. Tuliporudi chuoni tuliisimulia safari ile mwaka mzima, na kilichotufurahisha kuliko yote ni jinsi tulivyotumia kidogo.

Baada ya muda mrefu ndipo mwenzetu aliponieleza alichokisikia kwa shangazi yake. Mchele, sukari na mafuta tuliyokula bibi aliyachukua dukani kwa mkopo. Akaulipa kwa mwani. Anayezijua pwani za Makunduchi, Jambiani na Paje anajua mwani unavyolimwa: kinamama wanaingia baharini maji yakitoka, wanainama kufunga vipando kwenye kamba na vigingi, wanabeba magunia yaliyolowa, wanaanika, na mwisho wa yote kilo moja kavu kwa miaka ile ilikuwa inanunuliwa kwa shilingi mia chache tu. Piga hesabu ni kilo ngapi zilirudisha deni la wali wetu. Ilimchukua miezi.

Nilipotaka kwenda kumtaka radhi, bibi alikuwa ameshafariki. Nilimpelekea bintiye kile nilichoweza na ninamuombea dua. Lakini fiqhi ninayoifundisha inaniambia kuwa haki ya mja haisameheki mpaka mja mwenyewe asamehe, na mimi sikuipata fursa ya kusikia neno lake. Huenda alisamehe zamani. Huenda hakuona kama kuna la kusamehe. Sijui, na hilo ndilo lililobaki kwangu kutokana na ile safari ya bei poa.

Ukarimu si ruhusa

Najua mtu ataniambia: Ustadh, unaharibu ukarimu wa Kiswahili. Mgeni njoo mwenyeji apone. Bibi yule alifurahi kuwapokea, na inasemwa kuwa wenyeji wa Makunduchi wanapenda siku hiyo kila nyumba iwe na mgeni. Ukianza kupiga hesabu ya mchele utakuwa umemtukana mwenyeji.

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Ukarimu ni zawadi, na zawadi haipimwi kwenye mizani. Lakini tutazame vizuri: anayetakiwa kusahau hesabu ni anayetoa. Anayepokea hakuambiwa asahau. Mtume (s.a.w.) alipofundisha haki ya mgeni alifundisha na haki ya mwenyeji. Katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, ukarimu una mpaka wa siku tatu, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake uzito. Katika mapokezi ya Muslim, Masahaba waliuliza anamtiaje katika dhambi, wakafahamishwa kuwa ni kwa kukaa kwake ilhali mwenyeji hana cha kumkirimu. Wazee wetu nao walilijua hilo waliposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Ni kwa sababu mwenyeji hawezi kusema hapana ndiyo maana mgeni analazimika kujiuliza. Mama mdogo yule wa Makunduchi, akipigiwa simu na vijana sita ambao wameshafika Mjini, atasema nini? Atasema karibuni. Karibu hiyo imechukuliwa kwake kwa mbinu, japo kwa maneno matamu. Karibu ya kweli ni ile ambayo mtu alipewa nafasi ya kuikataa.

Mstari juu ya jina la rafiki

Sasa turudi kwa jina lililokatwa. Vijana walijitetea kuwa hawakumfukuza mwenzao, ni mchango ndio uliomshinda. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza watu wawili kunong'onezana na kumuacha wa tatu, kwa sababu jambo hilo linamhuzunisha. Kama mnong'ono wa dakika mbili umekatazwa kwa ajili ya huzuni ya mtu mmoja, tuseme nini kuhusu kundi la simu la wiki tatu lililofunguliwa makusudi asiwemo? Kijana yule ataona picha Jumatatu. Atajua kuwa urafiki wao ulikuwa na bei, na bei yenyewe ilikuwa 85,000.

Watu watasema: basi wamlipie. Hapo napo pana mtihani. Wapo wanaolipiwa halafu safari nzima wanakumbushwa kwa utani, wanatumwa maji, wanabebeshwa mizigo. Qur'an katika Suratul-Baqara, aya ya 264, imetuonya kuwa masimbulizi na maudhi yanabatilisha sadaka. Ndiyo maana napenda mfano wa Ash'ariyyina, kabila la Abu Musa (r.a.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba watu hawa chakula kilipowapungukia vitani au majumbani kwao Madina, walikusanya kila walichonacho katika nguo moja kisha wakagawana sawa sawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akawasifu kwa sifa kubwa, akawahesabu kuwa ni wa kwake na yeye ni wa kwao. Hekima ya nguo ile moja ni kwamba vitu vikishachanganyika, hakuna anayejua nani alileta nini. Mwenye kidogo hakuaibika na mwenye kingi hakujikweza.

Kundi la marafiki linaweza kufanya hivyo leo. Sunna imetufundisha kuwa watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao kuwa amiri. Amiri huyo apokee mchango wa kila mtu kwa siri, kila mmoja kwa uwezo wake, na atangaze jumla tu. Jumla ikitosha, wanakwenda. Isipotosha, hawaendi, au wanakwenda karibu zaidi.

Urahisi mwingine

Yako malipo mengine ambayo daftari haliyaoni. Kuna anayechota mauzo ya duka la baba yake akisema atarudisha. Kuna kundi linalochukua chumba kimoja wavulana na wasichana kwa sababu vyumba viwili ni ghali, na hapo kinacholipa ni heshima ya mabinti wa watu. Kuna anayekesha uwanjani, Alfajiri ikampita, ilhali sharia ilishamrahisishia msafiri kwa kupunguza na kukusanya swala.

Kuna na roho zetu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, wiki saba baada ya safari yetu ile, meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia ya ndugu zetu wakapoteza maisha. Tarehe 18 Julai 2012 ikazama MV Skagit iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, siku ambayo bahari ilikuwa imechafuka. Sisemi kuwa abiria ndio waliozizamisha meli hizo. Wenye dhamana wana hesabu yao mbele ya Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba msafiri naye ana amana ya roho yake, na Qur'an imemkataza asijitupe kwa mikono yake katika maangamizi. Ukiona chombo kimejaa hadi watu wamekaa juu ya mizigo, ukapanda kwa sababu ni nafuu, umeingiza katika hesabu yako mama ambaye hukumuuliza. Rahisi huvunja upishi, walisema wahenga, na upishi wa bahari ukivunjika hauungwi.

Je, maskini wasitembee?

Hoja ya mwisho, na ndiyo iliyonisumbua zaidi, aliisema kijana mdogo kuliko wote. "Ustadh, ukihesabu hivyo, sisi hatutakwenda popote. Matembezi yatabaki ya matajiri."

Sikumjibu usiku ule. Niliwaambia wakaifanye hesabu upya kwa majina saba, wampigie mama mdogo kwanza, kisha tuonane. Walipopiga simu, yule mama alisema kwa upole kuwa siku hizo atakuwa na wageni wengine, nafasi anayo ya watu watatu tu. Kumbe karibu yake ilikuwa na mpaka, ila hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakaongeza malazi ya waliobaki, mchele na sukari vya kumpelekea, na upungufu wa mwenzao wa Kariakoo. Hesabu ya kweli ikakataa. Fedha hazikutosha kwenda Makunduchi.

Basi wakaenda Kaole, wote saba, siku moja. Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 70 kutoka Dar es Salaam, na Kaole ni mwendo mfupi kusini mwa mji huo. Pale yapo magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ndefu za mawe. Walibeba chapati na maharage kutoka nyumbani, wakala chini ya mti, wakaswali Adhuhuri na Alasiri, na Isha tukawa nao msikitini. Mchango aliupokea amiri wao. Yule wa Kariakoo alitoa kiasi gani sijui, na wenzake pia hawajui.

Hilo ndilo jibu langu kwa yule mdogo wao, ingawa walilipata wenyewe. Maskini atembee. Atembee karibu, atembee mara chache, akusanye pole pole. Sasa wana mfuko wao wa kila mwezi, na nia yao ni kufika Makunduchi wakiwa na mzigo wa kumpa mwenyeji, na kupita Kizimkazi Dimbani kuuona msikiti wenye maandishi ya kufi ya mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107. Huenda ikawachukua mwaka au miwili.

Ndugu yangu unayepanga safari ya mwisho wa wiki na wenzako, sikuzuii. Nakuomba tu ukimaliza kuandika jumla, uitazame kila sifuri iliyomo kwenye daftari lako na kila jina ulilolikata, kisha ujiulize ni nani anayelipa hapo, na kama ameulizwa. Kama yupo hai, muulize leo. Mimi nilichelewa.

Mwenyezi Mungu atusamehe haki za waja wake tulizozila bila kujua, amrehemu bibi yule, na atujaalie tuwe wageni wema tunapofika na marafiki wema tunaposafiri. Amin.